Kitufe cha WB kwenye redio yako: kwa nini kimenyamaza, na onyo la mvua hutufikiaje

Ukinunua redio ya dharura siku hizi, ile yenye sola juu, mpini wa kuzungusha ubavuni na tochi mbele, utakuta swichi yenye alama tatu: AM, FM na WB. AM tunaijua na FM ndiyo tunayoishi nayo. Hiyo WB ndiyo inayowaleta watu kwenye kibanda changu cha ufundi hapa Machakos mjini, hasa mvua za vuli zinapokaribia. "Fundi, redio hii haishiki hali ya hewa." Wengine wameletewa na mtoto aliyeko Marekani, wengine wameiagiza mtandaoni kwa sababu sanduku lake limechorwa wingu na radi. Naifungua, naipima, naikuta nzima. Kinachokosekana hakimo ndani ya redio, kiko nje yake, na hicho ndicho ninachotaka tukizungumze leo.

Mnaweza kuuliza fundi wa Ukambani ana habari gani kwa wasomaji wa Pwani. Ni habari ya maji. Mto Athi unaopita Mavoko, ukazunguka mlima Kilimambogo na kushuka kandokando ya uwanda wa Yatta, ndio huohuo ukikutana na mto Tsavo unaitwa Galana, na ukifika kwenu unaitwa Sabaki. Bahari ya Malindi inapogeuka rangi ya udongo, sehemu ya udongo huo ni yetu. Upande wa pili wa kaunti yetu kuna bwawa la Masinga, linaloushika mto Tana. Likijaa na kumwaga, maji hayo hupitia mabwawa ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha yakaelekea Garissa, Hola na Garsen. Onyo likichelewa huku kwetu, huko kwenu nako limechelewa.

Tuanze na kile kitufe. WB ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayomaanisha mkanda wa hali ya hewa. Ni masafa saba tu, kuanzia megahezi 162.400 hadi 162.550, juu kabisa ya FM yetu ambayo huishia 108. Kule Marekani, idara ya taifa ya hali ya hewa ina minara zaidi ya 1,000 inayotangaza kwenye masafa hayo usiku na mchana. Hakuna muziki, hakuna salamu, hakuna matangazo ya biashara. Ni sauti moja tu, mara nyingi ya kompyuta, ikisoma utabiri, joto na upepo, ikimaliza inaanza upya. Mnara mmoja hufika kilomita 60 hivi. Pakiwa na vilima hupungua, kwa kuwa mawimbi ya masafa haya husafiri karibu kama mwanga wa tochi: kilima kikisimama katikati, nyuma yake ni giza.

Redio ya kawaida usipoiwasha haikuambii kitu. Redio ya tahadhari iko macho hata ukiiona kama imelala. Spika ndiyo imefungwa, lakini sikio liko wazi, likiusikiliza mnara saa zote 24. Zile za bei nafuu hungoja ishara moja tu, mlio mwembamba wa hezi 1,050 unaodumu sekunde 8 hadi 10. Ndani mna sakiti inayochuja sauti nyingine zote na kuubakiza mlio huo. Ukisikika kwa muda wa kutosha, spika inafunguka na redio inaanza kupiga kelele pale kwenye meza ya kitanda chako.

Udhaifu wake ni kwamba mlio ule hausemi onyo ni la nani. Mnara mmoja huhudumia kaunti kadhaa. Unaamshwa saa nane usiku kwa mafuriko ya watu wa ng'ambo ya milima, kesho yake tena, na mtondogoo tena. Ya nne unaichomoa betri ili ulale, na pengine hiyo ya nne ndiyo yako.

Basi wataalamu wakaiongezea anwani. Kabla ya mlio ule, mnara hutuma mkwaruzo mfupi unaofanana na sauti ya mashine ya faksi ya zamani. Ule mkwaruzo ni herufi. Zimegeuzwa kuwa sauti mbili tu, moja ya hezi 2,083 na nyingine ya hezi 1,563 hivi, zinazopokezana kwa kasi ya karibu mara 521 kwa sekunde. Sauti ya juu ni moja, sauti ya chini ni sifuri, na kutokana na hizo moja na sifuri redio huunda upya maneno. Ujumbe wenyewe ni mfupi. Unataja aliyetuma, aina ya tukio kwa herufi tatu, kaunti zinazohusika kwa tarakimu sita kila moja, muda ambao onyo litadumu, siku na saa lilipotolewa, na kituo kilichotuma. Hurudiwa mara tatu, ili radi ikivuruga nakala moja, redio iweze kulinganisha zilizobaki. Baada ya hapo ndipo unakuja mlio, kisha sauti ya msomaji, na mwisho herufi N nne, nazo zikirudiwa mara tatu, kuiambia redio kwamba tangazo limekwisha na inaweza kurudi kimya.

Sasa tazama skrini. Siku ya kwanza mwenye redio aliingiza namba ya kaunti yake. Kila ujumbe unapopita, redio hulinganisha: namba yangu imo? Isipokuwemo, inanyamaza na hata hujui kwamba kuna kitu kimepita. Ikiwemo, king'ora kinalia, taa inawaka, na maneno yanatokea kwenye kioo. Wateja wengi hudhani maneno yale yametumwa na mnara. La. Mnara umetuma FFW tu. Redio imeitafuta FFW katika orodha iliyowekewa kiwandani, ikakuta maana yake ni onyo la mafuriko ya ghafla, ndipo ikaandika. Taa nazo, kwa redio nyingi, hufuata uzito: nyekundu ni hatari iliyofika au iliyo njiani, rangi ya chungwa ni kujiweka tayari, njano ni taarifa ya kuzingatia. Muda wa onyo ukiisha, redio inayafuta maneno yenyewe kwa kufuata saa yake. Haina kipima mvua wala haioni setilaiti. Nje kukiwa na jua kali au gharika, yenyewe haijui. Ni mlinzi wa geti aliyeachiwa orodha ya majina na filimbi.

(Msiichanganye na zile saa za mezani zenye picha ya jua na wingu. Hizo hupima mgandamizo wa hewa, na ukishuka zinachora mvua. Katika nchi zetu za karibu na ikweta mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku, hata pasipo na wingu moja. Ndiyo maana saa yako inatabiri mvua alasiri mwezi wa Agosti na hakuna tone linaloanguka. Ni pambo zuri la sebule.)

Sasa leta redio ya WB Machakos. Pitia masafa yote saba, utapata mvumo mtupu, kwa sababu Kenya haina minara ya aina hiyo. Ukiacha kitufe cha tahadhari kimewashwa, redio itakesha ikingoja mlio ambao hakuna wa kuutuma, na asubuhi betri imekwisha. Wavuvi nao wajue, maana zile redio za mkononi za baharini zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huwa na kitufe cha WX. Ni masafa yaleyale na kimya kilekile.

Haina maana kwamba hatuonywi. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, yenye makao Dagoretti Corner jijini Nairobi, hutoa utabiri wa kila siku, wa wiki na wa msimu, na ina mkurugenzi katika kila kaunti. Mvua kubwa ikionekana inakuja, hutoa tahadhari inayotaja maeneo, tarehe na kiasi, kwa kawaida mvua inayozidi milimita 30 ndani ya saa 24. Kutoka hapo karatasi ile hupita mikono mingi. Inaingia barua pepe, makundi ya WhatsApp, ofisi ya kamishna, inamfikia chifu, inafika studio. Huku kwetu studio ndiyo njia kubwa kuliko zote, maana mama aliye shambani Mwala hasomi karatasi ya Idara, anasikiliza Musyi FM, Mbaitu FM au Athiani FM kwa Kikamba. Upande wa Makueni kuna Mang'elete FM, redio ya jamii iliyoanzishwa na vikundi vya akina mama, na hiyo ukiiuliza habari ya mvua haitakuambia "sehemu za kusini mashariki", itakutajia kijiji.

Idara yenyewe ilijaribu mapema kuwa na sauti yake. Mradi uliitwa RANET. Mwanzoni ulitegemea redio za setilaiti za WorldSpace, kampuni iliyorusha setilaiti ya AfriStar mwaka 1998. Zilikuwa redio ndogo zenye kisahani, nazo ukiziunganisha na kompyuta ziliweza kushusha hata ramani za utabiri mahali pasipo na intaneti. Kampuni ikaingia kwenye taratibu za kufilisika mwaka 2008, na vile vipokezi leo ni vyuma tu. Lililobaki la mradi, na kwa maoni yangu ndilo lililokuwa na akili zaidi, ni vituo vidogo vya FM: Kangema huko Murang'a, Budalang'i pembeni mwa mto Nzoia, na kwenu Kwale. Kituo cha FM hakimdai msikilizaji anunue chombo kipya. Kile cha shilingi mia chache kinatosha.

Lakini twende mahali penye uchungu. Tahadhari zetu husema ukweli, ila huja mapema mno na kwa upana mno, kisha saa ile yenyewe ya hatari hakuna anayetuita. Tahadhari inasema nyanda za chini za kusini mashariki: Machakos, Makueni, Kitui, Kajiado, Taita Taveta. Ni eneo kubwa. Mtu aliyesimama kwenye drifti na gunia lake la mahindi hajui kama mto ulio mbele yake umo katika habari hiyo ama la. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilizama mto Enziu, Mwingi, mchana kweupe, wakafa watu zaidi ya 30. Na alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yalipowashukia watu wa Mai Mahiu, wengi walikuwa kitandani. Siku hizohizo za Aprili, mto Athi uliingia majumbani Mavoko. Wiki ile FM zilikuwa zimesema sana juu ya mvua. Lakini FM huwezi kuisikia ukiwa umelala na umeizima, na simu ya kabambe iliyoisha chaji haiamshi mtu.

Nisije nikaonekana naisifu Marekani kupita kiasi. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 2025, katika kaunti ya Kerr jimboni Texas, onyo la mafuriko ya ghafla lilitolewa saa saba na dakika 14 usiku, na redio zile za tahadhari zina kazi hiyo hasa. Bado mto Guadalupe uliua watu zaidi ya 100. Onyo lilitoka, lakini wengi waliolala kando ya mto hawakuwa na chombo cha kulipokea, au simu hazikuwa na mtandao, au lililia na likapuuzwa. Kwa hiyo sisemi tujenge minara ya WB nchi nzima. Mnara juu ya vilima vya Iveti ungeiona Machakos mjini na tambarare za Athi, lakini mabonde yaliyo nyuma ya vilima yangekosa, na kila familia ingelazimika kununua redio ambayo haipigi hata wimbo mmoja. Nani atanunua?

Ninachotaka tuige ni mambo mawili ya ndani ya kile chombo: anwani na mlio.

Anwani tunazo tayari. Kila kaunti ina namba tangu Katiba ya 2010: Mombasa 001, Kwale 002, Kilifi 003, Tana River 004, Machakos 016. Chini ya kaunti kuna wadi, na Machakos peke yake ina 40. Mfumo ule wa Marekani huruhusu ujumbe mmoja kubeba hadi maeneo 31. Fikirieni onyo la mto Athi lililotolewa Mavoko likiwa na 016 na 003 katika mstari mmoja. Aliyeko Lango Baya angelipata wakati uleule na aliyeko Athi River, ingawa kwake maji ni ya siku zijazo, si ya saa ileile. Na hapo mitambo ya maji ya Baricho, inayonywesha Malindi, Kilifi na sehemu kubwa ya Mombasa, ingejua mapema kwamba mto unapanda. Idara ya Hali ya Hewa sasa hutoa maonyo pia kwa mfumo wa kimataifa uitwao CAP, ambao ndani yake kuna nafasi ya kuandika uzito, uharaka, uhakika na mipaka ya eneo kwa ajili ya mashine kusoma. Kwa lugha ya fundi, barua imeshaandikwa na anwani imewekwa. Anayebisha hodi ndiye hayupo.

Mlio nao hauhitaji mnara mpya. Vituo vingi vya FM hutuma data ndogo pamoja na sauti, ile inayoandika jina la kituo kwenye redio ya gari. Mfumo huo unaitwa RDS, na una orodha ya aina za vipindi: habari, michezo, muziki na kadhalika. Namba 31 katika orodha hiyo imetengwa kwa ajili ya hatari, na 30 kwa majaribio yake. Redio iliyoundwa kuitambua 31 inaweza kufungua spika yenyewe. Redio za namna hiyo si nyingi madukani, lakini hata moja kwa chifu, moja hospitalini, moja kwa mlinzi wa shule ya bweni na moja kwa mwenyekiti wa bodaboda zingekuwa mwanzo. Hao wana filimbi, kengele na pikipiki. Kengele ya kanisa na spika ya msikiti zimeamsha vijiji tangu kabla mimi sijazaliwa.

Na kungekuwa na jaribio la kila wiki. Hili Wamarekani wanalifanya vizuri: kwa kawaida kila Jumatano mchana redio hupokea ujumbe wa majaribio, na usipoona umeingia, unajua chombo chako au mnara una shida kabla ya usiku wa balaa. Sisi hugundua kwamba mawasiliano yamekatika siku ileile tunapoyahitaji.

Kwa sasa, ukiwa na redio ya WB usiitupe. Swichi irudishe FM na kitufe cha tahadhari kizime. Mpini, sola na tochi vina faida kubwa umeme ukikatika, na umeme hukatika hasa wakati wa mvua. Mwezi wa Oktoba na mwezi wa Machi toa betri, futa kutu kwenye vyuma vyake, uhakikishe inashika vituo viwili vinavyosoma taarifa za Idara, kimoja cha karibu na kingine cha mbali. Ukikaa kando ya Sabaki au Tana, hicho cha mbali kiwe kile kinachotoa habari za huku bara. Wakati wa tahadhari ya mvua kubwa, kaya zilizo karibu na mto zipeane zamu: mmoja alale redio ikiwa wazi, kwa sauti ya chini, kesho mwingine. Namba ya chifu na ya jirani aliye juu ya mto ziandike kwenye karatasi, uibandike nyuma ya redio, pasipofunika mlango wa betri.